Mwaka wa Helikopta ya Mzee Magesa

Siku ya matanga ya Mama Stazia nilikaa kwenye kochi lile lile la zamani, na kitambaa cha kufuma kilichofunika egemeo kikateleza kikaniangukia begani. Nilikishika ili nikirudishe, nikasita. Kilikuwa laini. Kilikuwa kimelegea kama kitambaa cha nyumba nyingine yoyote, na mimi niliyewahi kuishi humo nilijua kwamba ile haikuwa nyumba nyingine yoyote. Vitambaa vya Mama Stazia vilikuwa vinasimama vyenyewe. Kila Jumamosi alivifua, akavichovya kwenye wanga wa muhogo uliopikwa mwepesi, akavianika juu ya mawe nyuma ya nyumba, kisha akavipiga pasi ya mkaa mpaka vikawa vigumu kama kadi za mwaliko. Ukiegemea vinakukwaruza shingo, na ukilalamika anakwambia ukae wima kama mtu aliyelelewa. Nikatazama upande wa pili wa sebule. Nestori, ambaye sikuwa nimemwona tangu ana nywele, alikuwa ameshika kitambaa cha kochi lake anakisugua kwa dole gumba. Wala hakunisalimia. Alisema tu, "Koleta, hakina wanga."

Ili mtu aelewe kwa nini watu wazima wawili walikaa msibani wakapapasa vitambaa huku wali unapoa, inabidi nieleze mwaka wa helikopta. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, wakati wa ruksa, vitu vilipojaa madukani na kazi zikapungua viwandani. Mimi nilikuwa natengeneza redio kwenye kibanda kimoja pale Mirongo, mjini Mwanza, msichana wa pekee katika safu nzima ya mafundi, na nilipanga chumba cha uani kwa Mzee Magesa na mkewe, Mama Stazia, huko Mabatini. Chumba cha jirani alipanga Nestori, fundi mitambo wa kiwanda cha nguo ambaye alikuwa amepunguzwa kazini pamoja na watu wengine wengi siku moja, akarudi nyumbani na ovaroli lake likiwa limekunjwa kwenye mfuko wa rambo. Hakuwa na kazi, na mtu wa mashine asiye na mashine ni mzigo kwa majirani. Alitengeneza bawaba za milango ambayo haikuwa mibovu. Alifungua jiko langu la mafuta ya taa akalifunga tena, likawa linanuka zaidi.

Helikopta ilikaa sebuleni, juu ya kabati la vyombo, kati ya redio ya mbao na picha ya harusi, na bila shaka juu yake palikuwa na kitambaa. Urefu wake ulikuwa kama wa mbuzi mdogo. Bodi lilikuwa la plastiki lililogeuka manjano kwa uzee, mapanga mawili ya mbao, na ndani injini ya kweli, siyo ya kuchezea, yenye bomba lake la moshi na tangi lake la mafuta. Aliiacha mzungu mmoja mhandisi wa maji ambaye Mzee Magesa alimwendeshea gari zamani, miaka ya sabini. Mzungu yule alikuwa anairusha kila Jumapili kwenye uwanda ulio kati ya mawe na ziwa, upande wa Nyegezi, anaisimamisha hewani hapo hapo kama imetundikwa. Alipoondoka kwenda kwao alimwachia dereva wake kila kitu: helikopta, rimoti yake ya mkononi, kopo la plagi ndogo ndogo. Mafuta yake maalumu hayakuwepo nchini wakati ule, wala betri zake, basi ikapanda kabatini ikakaa huko.

Kilichonishangaza ni kwamba Mzee Magesa hakuwahi kuiona ikiwa hewani. Nilidhani ananitania. "Sikutanii," alisema, kwa sauti yake ya Kijita ambayo haikuwa na haja na herufi ya L. "Kazi yangu irikuwa kufukuza ng'ombe na watoto wasiingie uwanjani. Mzungu yuko huku na herikopta yake, mimi nimempa mgongo, natazama ng'ombe. Nasikia tu inaunguruma nyuma yangu. Nikigeuka, ng'ombe kaingia. Ng'ombe wa Nyegezi nimewaona sana mimi."

Sasa macho yake yalikuwa yanakwisha. Daktari alimwambia ni presha ya macho, kwamba mshipa ukishakufa haurudi, na dawa zile za matone zingepunguza mwendo tu. Aliona kwa katikati, kidogo, kama mtu anayechungulia kwenye bomba, na bomba lenyewe lilikuwa linazidi kuwa jembamba. Chumba changu na chumba walicholia chakula vilitenganishwa na ukuta usiofika darini, kwa hiyo kila jioni, Mama Stazia akishapakua ugali na mapanki, ile mifupa ya sangara inayobaki viwandani, nilisikia swali lile lile. "Haya, leo umeona nini?" Naye mzee anajibu kama mtu anayetoa taarifa ya safari. "Nimeona mkono wako. Nimeona sahani. Kati ya mkono na sahani sijaona." "Kati ya mkono na sahani kuna bakuli la mboga." "Basi mboga sijaiona." "Na umeila?" "Nimeira." Wanacheka. Halafu siku moja sauti ya mzee ikasema taratibu, "Ningeiona ire herikopta mara moja tu, ikiwa juu, ningeyaacha haya macho yaende."  Asubuhi Mama Stazia alinigongea mlango kabla sijanywa chai, Nestori akiwa tayari amesimama nyuma yake na bisibisi mkononi.

"Wanangu," alisema, "shusheni kile kitu."

Sijawahi kuwa na mwaka wenye maswali matamu kama ule. Rimoti niliichukua mimi, na kwa kuwa betri sasa zilikuwa zimejaa kila duka, ilinichukua muda mfupi tu kuifufua. Injini aliichukua Nestori. Haikutumia petroli. Ilikunywa spiriti kali ya methanoli, ambayo tuliipata kwenye duka la kemikali mjini, ikichanganywa na mafuta ya nyonyo, yale yale ambayo bibi zetu walitunywesha kusafisha tumbo. Kichujio cha ndani ya tangi kilikuwa kimeoza kikawa vumbi, na Nestori alisema mafuta yakiingia na uchafu injini itakufa, lazima tuyachuje kwanza. Akanyoosha mkono kuchukua kitambaa cha jikoni. Mama Stazia alimpiga kofi la vidole. "Kitu cha kupaa angani unakichujia tambara la sufuria?" Akaenda kabatini akaleta kitambaa chake cheupe cha Jumapili, kilichokuwa kimetoka kwenye pasi. Tangu siku hiyo kazi ya kuchuja ikawa yake. Alikitandika kitambaa juu ya mdomo wa chupa, akamimina polepole, akakikamua mpaka tone la mwisho ili kisipotee kitu, kisha akakifua na kukirudisha kwenye wanga na pasi, tayari kwa safari nyingine. Hakuna fundi aliyefanya kazi yake kwa usafi kuliko yeye.

Injini iliwaka. Sitasahau mlio wake wa kwanza pale uani, kuku walivyotawanyika na majirani walivyochungulia, na ule moshi mweupe wa nyonyo unaonukia kama karanga zilizoungua. Jumapili baada ya ibada tulikwenda Nyegezi. Nestori alikuwa ameifunga helikopta kwa nyuzi nne za nyavu kwenye mawe manne, ili ikipanda isitukimbie, maana kuiongoza kulikuwa kugumu kuliko kuendesha baiskeli kwenye kamba. Mzee Magesa tulimkalisha kwenye kiti cha kukunja, mkewe kando yake. Mapanga yakashika kasi, nyasi zikalala, helikopta ikanyanyuka mpaka usawa wa goti. "Iko wapi?" Mzee aliuliza, akizungusha bomba lake la macho huku na huku. "Mbele yako, panda juu kidogo," Mama Stazia alimwambia. Kabla hajafika, mlio ukalegea, mapanga yakapoteza nguvu, ikakaa chini. "Iko wapi?" "Imeshuka." Tulipumzika, tukawasha tena, ikanyanyuka vizuri kabisa, halafu ikalegea vile vile. Mzee hakuipata hata mara moja. Hicho ndicho kilikuwa kipimo chetu, na kilikuwa kigumu. Kunyanyuka hakukutosha. Ilitakiwa ikae hewani muda wa kutosha mtu anayeona kwa tundu aitafute na kuifikia.

Basi tukaanza kuuliza injini. Swali la kwanza lilikuwa plagi. Tulibadilisha zote za kwenye kopo la mzungu, hakuna tofauti. La pili lilikuwa mafuta ya nyonyo. Tuliyanunua kwa mama mmoja wa Kisukuma anayeyakamua kwa kuchemsha na maji, na mimi nikadai maji yamebaki ndani. Tukanunua ya chupa, ya duka la dawa. Hakuna tofauti, ila sasa tulinusa hospitali. La tatu lilikuwa mpira unaotoka kwenye bomba la moshi kwenda kwenye tangi ili kusukuma mafuta. Ulikuwa na ufa, Nestori akapata mwingine, akafurahi wiki nzima, na Jumapili helikopta ikakaa chini kama mtu mwenye usingizi. La nne lilikuwa joto. Nestori aliapa injini inapata moto, akatengeneza kava la bati la kuelekeza upepo wa feni, zuri mpaka nikamwambia alipeleke maonyesho. Hakuna. Mzee alikuwa anasema, "Mnajifunza, msiwe na haraka," na kila jioni ukutani nilisikia taarifa ikifupika. Leo nimeona mkono. Leo nimeona mwanga wa taa. Mama Stazia aliendelea kuchuja.

Kosa letu, nikilitazama sasa, lilikuwa la kifundi, na la kwetu kabisa. Fundi wa Mwanza akifungua kitu chochote, iwe redio, kabureta au saa ya ukutani, kabla hajaangalia ndani anapuliza. Pfuu! Ni kama kusema hodi. Nestori alikuwa amefungua sindano ya kabureta, ile skrubu nyembamba inayopimia mafuta, mara nyingi sana, na kila mara alipuliza kwanza ndipo akatazama, akakuta pasafi. "Hapa hakuna kitu," alikuwa anasema. Kwa kweli hakukuwa na kitu. Alikuwa amekipuliza kikaenda zake.

Jumapili moja nilichoka kutazama helikopta, nikalala kifudifudi mchangani nikatazama moshi wake. Kila mtu hutazama kinachopaa, sijui kwa nini. Nikaona moshi unatoka mweupe, mweupe, kisha unakatika, na ni baada ya kukatika ndipo mlio unalegea. Nikarudia kutazama, ikawa vile vile. Kama ni joto, kwa nini moshi utangulie kukatika? Moshi ni nyonyo, na nyonyo huja na mafuta. Mafuta yalikuwa hayafiki. Yakitakiwa kidogo yanapita, yakitakiwa mengi kitu kinajazana mlangoni, na injini ikizima kile kitu kinarudi nyuma kulala. Nikamkimbilia Nestori ambaye alikuwa tayari ameichomoa sindano na mashavu yameshavimba. "Usipulize!" Nikamziba mdomo kwa kiganja, mbele za watu. Mama Stazia akasema, "Jamani, Koleta!" Lakini kwenye ncha ya sindano, safari hii, kulikuwa na unga mweupe, laini, umejikusanya.

 Tuliubeba ule unga kwenye karatasi ya sigara. Chumbani kwangu niliutia tone la maji, nikausugua, ukanata vidoleni, na mkono wangu ukaujua kabla ya kichwa. Nilikuwa na kichupa cha ayodini cha kupaka vidonda. Kila mtoto aliyepita sekondari amefanya jaribio lile, ayodini juu ya kipande cha muhogo. Nikadondosha tone. Ukawa bluu, ukawa mweusi. Nestori akauinamia. "Wanga," alisema. Kutoka uani tulisikia pasi ya mkaa ikigongwa kwenye jiwe kutoa majivu. Mama Stazia alikuwa anapiga pasi kitambaa cha kuchujia.

Sikuwahi kuona vigumu kumwambia mtu tatizo la redio yake. Lakini miezi ile tuliyopoteza haikuwa ya redio. Yalikuwa macho ya mume wake, na aliyeyapoteza ni yeye, kwa usafi wake, kwa kukamua mpaka tone la mwisho. Nestori alisema, "Tukimwambia, ataubeba mzigo huo mpaka kaburini." Nikasema, "Tusipomwambia, atachuja tena." Tukaafikiana uongo mdogo. Jumapili iliyofuata Nestori alikuja na mafuta yaliyochujwa tayari kwa kipande cha wavu wa shaba. Mama Stazia alikuwa amesimama mlangoni, kitambaa kimekunjwa mkononi. "Leo hamkihitaji?"

"Nimepata chujio la kiwandani, mama," Nestori alisema, akiwa anatazama viatu vyake.

"Haya," alisema. Akakiweka mezani, akaenda kumvalisha mumewe koti.

Siku hiyo ziwa lilikuwa limetulia na wale wadudu wa ziwa warukao kwa makundi walikuwa wamesimama mbali kama moshi. Injini ikawaka, mapanga yakashika, helikopta ikanyanyuka mpaka usawa wa kifua ikavuta nyuzi zake zote nne, ikabaki hapo. Ikabaki. Moshi haukukatika. Mimi nilikuwa nimechuchumaa kwenye jiwe moja la kuzuia uzi, upande wa pili, nawatazama wazee wale uso kwa uso. Sikuitazama helikopta hata kidogo, kwa hiyo najua jinsi Mzee Magesa alivyojisikia miaka yake ya ng'ombe. "Iko wapi?" aliuliza. "Mbele yako," mkewe alimwambia, "panda, panda, hapo." Akatafuta. Alitafuta kwa muda mrefu sana, kichwa kikienda na kurudi, na helikopta ikamsubiri. Halafu akaacha kutafuta. Uso wake ulikuwa umegeukia kushoto, kabisa, kwenye mawe matupu na kunguru mmoja. "Naiona," alisema. "Naiona, mama Stazia! Inatetemeka kama mbwa ariyerowa!" Akapiga makofi. Nestori alikuwa analia huku ameshika rimoti, hawezi kujifuta. Mimi nilimtazama Mama Stazia. Alikuwa ameacha kutazama helikopta. Alikuwa anamtazama mumewe, na uso wake ulivyogeuka, na akatazama mahali ulipogeukia. Kisha akamshika mkono.

Miaka yote tangu siku ile nimeamini kwamba hakuiona. Niliamini alidanganya kwa ajili yetu, na hasa kwa ajili ya mkewe. Nestori aliapa aliiona, tukagombana kwa hilo barabarani siku ile ile, na aliposafiri kwenda migodini tulikuwa hatujamaliza ubishi. Mzee alifariki baadaye, akiwa hana mwanga kabisa. Mimi nilihama, nikafungua duka langu, nikazeeka kidogo kidogo. Na sasa nilikuwa kwenye kochi lake na kitambaa kilicholegea begani.

Stazia, binti yao, alikuja na birika la chai. Nikamuuliza kama kwa mzaha, "Hivi mama aliacha wanga?"

"Zamani sana, dada. Nilikuwa bado mdogo. Alirudi siku moja kutoka huko kwenye helikopta yenu, akaumwaga wote nje, chungu kizima. Hakutia tena mpaka amekufa. Tukimuuliza anasema mikono inamuuma. Baba yeye alifurahi, alisema shingo imepona."

Nestori aliinamisha kichwa. Siku ya kwanza bila kitambaa chake ndiyo siku ilipopaa, na mwanamke yule hakuhitaji ayodini. Alijua siku ile ile, akaubeba peke yake miaka yote, asitutaje, na kama alikiona nilichokiona mimi, aliubeba kwa ajili ya mtu ambaye hakuambulia kitu.  Nikasema, nadhani kwa sauti kubwa kuliko nilivyotaka, "Na baba wa watu hakuiona. Alikuwa anatazama kushoto."

Stazia alikuwa anamimina chai. "Baba? Si ndivyo alivyokuwa anaona?" alisema. "Mwaka ule mwishoni katikati palikuwa pamekufa, kalibakia kajicho ka pembeni. Akitaka kukuona anageuza uso anakutazama kwa upande. Tulikuwa tunamcheka, tunasema baba akikupa shavu ujue ndiyo anakuangalia. Hamkujua?"

Hatukujua. Mzee hakuwa amemwambia mtu, nje ya nyumba ile. Nestori alinitazama juu ya kikombe, machozi yameshafika kidevuni, akasema polepole, kwa ushindi wa mtu aliyesubiri nusu ya maisha, "Nilikwambia, Koleta."

Nikaanza kulia kwa nguvu. Akina mama wa jumuiya wakanijia na khanga na maji, wakanishika mabega, wakaniambia nijikaze, kazi ya Mungu haina makosa, mama amepumzika. Sikuweza kuwaeleza kwamba nilikuwa nalia kwa furaha, kwa sababu ya helikopta. Niliwaacha wanifariji. Walipoondoka, nilikichukua kile kitambaa begani, nikakitandika vizuri juu ya egemeo, nikaegemea. Hakikunikwaruza.